Porsche au Lancia: magari mawili ya kifahari yaliyopimwa na potopoto

BUTEMBO – Mvua ikinyesha mchana na kazi ikasimama, kwenye garaji za Butembo ubishi wa magari hauishi. Huyu anasema Hilux, yule anasema Land Cruiser, na mzee mmoja pembeni anawaambia wote wanyamaze kwa sababu hawajaendesha Peugeot 504. Ulaya nako wako watu wenye ubishi wao. Ni matajiri wanaokusanya magari ya zamani, na swali moja linarudi kwao mara kwa mara: mtu akiwa na pesa za gari moja tu, anunue Porsche 911 ya miaka ya 1970 au Lancia Stratos ya miaka ile ile? Kwa aina zinazotafutwa sana, pesa zenyewe zinaweza kufika nusu milioni ya dola na kupita.

Kwa mama anayelala na watoto wake katika chumba cha kuazima huko Beni, swali hilo linaweza kuonekana mchezo wa walioshiba. Ni kweli, ni mchezo wao. Lakini historia yake ilipita karibu na hapa kuliko wengi wanavyofikiri. Magari hayo mawili yalikwisha kupelekwa mbele ya hakimu mmoja, na hakimu huyo alikuwa barabara za udongo za Afrika Mashariki, siku za Pasaka, mvua ikiwa nyingi. Ni mvua ile ile inayofunga barabara ya Butembo hadi Manguredjipa na kuwaacha madereva wakilala chini ya malori yao.

Mashindano hayo yaliitwa Safari. Yalianza mwaka 1953, mwishoni mwa Mei, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, maana Kenya, Uganda na Tanganyika zote zilikuwa chini ya Waingereza. Magari yalizunguka nchi hizo tatu. Kwa mtu wa Butembo ramani hiyo si ngeni: bidhaa zinazoshuka bandarini Mombasa hupita Nairobi, Kampala na Kasese kabla ya kufika Mpondwe na kuvuka mpaka kuingia Kasindi. Miaka ya kwanza, magari ya Safari yalipita katika sehemu za njia hiyo, siku ambapo lami ilikuwa chache mno.

Sheria zake hazikuwa ngumu kuelewa. Gari lilipangiwa saa ya kufika kila kituo, na kila dakika ya kuchelewa ilihesabiwa kama adhabu. Barabara hazikufungwa. Dereva wa mbio alikutana na basi, ng'ombe, mtu wa baiskeli mwenye mzigo wa ndizi, na mto uliopanda usiku juu ya daraja. Miaka ile ya 1970 mwendo wote ulifika karibu kilomita 5,000 kwa siku chache, mchana na usiku. Mwaka 1963, kati ya magari zaidi ya 80 yaliyoondoka, yalimaliza 7. Mwaka 1968 yalimaliza 7 tena. Miaka yote hiyo miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki, mkazi wa Kenya, na gari lake lilikuwa Peugeot 404, gari la kubebea familia kwenda kanisani.

Jina hilo la 404 lifaa kukumbukwa, kwa sababu lina uhusiano na Porsche. Kampuni ya Porsche ilipoonyesha gari lake jipya huko Frankfurt mwaka 1963, ililiita 901. Mwaka uliofuata Peugeot wakalalamika: Ufaransa, haki ya kuuza magari yenye namba tatu na sifuri katikati, kama 403 na 404, ilikuwa yao. Wajerumani hawakubishana sana. Wakaondoa sifuri, wakaweka moja, na gari likawa 911. Kwa hiyo hata jina lake lilipatikana kwa kumpisha Peugeot. Baadaye lilikuja kumpisha tena, mara hii barabarani.

Sasa magari yenyewe.

Porsche 911 ni gari fupi, la duara, lenye injini nyuma kabisa, baada ya magurudumu ya nyuma. Anayekumbuka Volkswagen ya mgongo wa kobe anaelewa mara moja, kwa sababu hizo mbili ni ndugu wa damu. Ferdinand Porsche, mhandisi, ndiye aliyechora Volkswagen ile. Mjukuu wake, Ferdinand Alexander, ndiye aliyechora 911. Zote mbili zinapozwa kwa upepo. Hakuna radiateri mbele, hakuna mpira wa maji wa kupasuka, hakuna maji ya kuchemka mlimani. Jiwe likiruka na kupiga pua ya gari, linapiga bati tu. Uzito wa injini unakandamiza magurudumu ya nyuma, yale yanayosukuma, na kwenye potopoto hiyo ni faida kubwa. Si ajabu basi kwamba Volkswagen ya mgongo wa kobe ilishinda Safari mwaka 1954, 1957 na 1962. Ubaya wa mpango huo madereva wanaujua: ukiingia kona kwa kasi halafu ukaogopa na kuachia mafuta ghafla, mkia unataka kukupita.

Lancia Stratos ni kitu kingine kabisa. Porsche ilikuwa gari la kuuza madukani ambalo watu walilipeleka kwenye mbio. Stratos ilitengenezwa kwa ajili ya mbio tu, na chache ziliuzwa kwa watu kwa sababu sheria ya mashindano ilidai idadi fulani zitengenezwe. Hazikufika 500 zote pamoja. Umbo lake, kama kabari ya kupasulia kuni, lilichorwa na Marcello Gandini wa kampuni ya Bertone huko Turin. Injini yake ni ya Ferrari, silinda 6, lita 2.4, na imewekwa katikati, mara tu baada ya mgongo wa dereva. Viti ni viwili. Milango ina mifuko mikubwa ya kuwekea kofia za mbio, na hilo latosha kumwambia mnunuzi kwamba gari hili halikufikiriwa kwa ajili ya kwenda sokoni. Kwa makanika lina jambo moja zuri sana: sehemu yote ya mbele hufunguka kama kifuniko cha sanduku, na sehemu yote ya nyuma vilevile, mikono ikaingia bila kuhangaika.

Kwenye lami na theluji za Ulaya, Stratos ilikuwa shida kwa wengine wote. Lancia ilichukua ubingwa wa dunia wa watengenezaji mwaka 1974, 1975 na 1976. Mwitaliano Sandro Munari alishinda Monte Carlo kwa gari hilo miaka mitatu mfululizo, kuanzia 1975 hadi 1977. Kwa hesabu hiyo ya Ulaya, ubishi wa Porsche na Lancia ungekuwa umekwisha zamani.

Ila Safari haikuwa Ulaya, na kuna mtu mmoja anayeweza kutoa ushahidi wa magari yote mawili. Björn Waldegård, Mswidi, aliendesha Porsche na Stratos katika mbio hizo hizo, na mara nyingi msaidizi wake alikuwa yule yule, Hans Thorszelius. Ni nadra historia kumpa mtu nafasi ya kulinganisha namna hiyo.

Mwaka 1974 alikuja na Porsche 911 Carrera RS. Kabla yake Mpolandi Sobiesław Zasada alikuwa amefika wa pili kwa 911 mwaka 1972, basi Wajerumani walikuwa na sababu ya kutumaini. Waldegård naye akafika wa pili. Aliyemshinda alikuwa Joginder Singh na Mitsubishi Lancer, gari dogo. Joginder alikuwa Sikh aliyezaliwa Kericho, makanika kwa kazi, na mwaka 1958 alikuwa mtu wa kwanza kuajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki kwenda kuwasaidia madereva walioharibikiwa njiani. Watu walimwita Simba wa Kenya. Mtu aliyekula mshahara kwa kutoa magari ya wengine katika matope hakuhitaji kuelezwa matope yanaanzia wapi.

Mwaka 1975 Waldegård akahamia Lancia. Stratos zilikuja na rangi za shirika la ndege la Alitalia, zikiwa na kasi kuliko kila gari lililokuwepo. Munari akafika wa pili, Waldegård wa tatu. Mbele yao alikuwa Mswidi mwingine, Ove Andersson, na Peugeot 504 ya kawaida ya milango minne. Wasikilizaji wenye umri mkubwa wanaijua 504 vizuri, hasa kamioneti yake, iliyobeba maharagwe, kahawa, bia na maiti kwa barabara za Afrika bila kuchagua.

Mwaka 1976 Stratos hazikumaliza kabisa. Joginder alishinda tena, na Mitsubishi zikachukua nafasi tatu za kwanza. Mwaka 1977 Waldegård, akiwa ameshaachana na Lancia, aliendesha Ford Escort, akashinda. Munari, bado na Stratos yake, alikuwa wa tatu. Mwaka 1978 Porsche wakarudi kwa nguvu zote na magari mawili ya 911 SC. Safari hii waliyainua juu na kuyawekea bamba nene la kinga chini ya tumbo. Vic Preston wa Kenya, mtoto wa yule Vic Preston aliyeshinda na Volkswagen mwaka 1954, alifika wa pili. Waldegård alikuwa wa nne. Mshindi? Mfaransa Jean-Pierre Nicolas, na Peugeot 504 ya milango miwili. Aliyewanyang'anya Porsche namba yao mwaka 1964 aliwanyang'anya na kikombe.

Hesabu ya mwisho basi: Porsche ilifika ya pili mwaka 1972, 1974 na 1978, Stratos ya pili na ya tatu mwaka 1975, ya tatu mwaka 1977. Hakuna iliyoshinda Safari ya zamani hata mara moja.

Mtu asiharakishe kusema kwamba gari la mbio haliwezi potopoto. Datsun 240Z ya Wajapani, nayo ni gari la mbio la milango miwili, ilishinda mwaka 1971 na 1973. Ushindi wa 1973 unastahili kusimuliwa polepole kwa wale waliokimbia makwao. Dereva alikuwa Shekhar Mehta, Mhindi mzaliwa wa Uganda. Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke, akawapa siku 90. Familia ya Mehta iliacha mali na kukimbilia Kenya. Pasaka iliyofuata, Mehta alimaliza Safari akiwa sawasawa kwa alama na Harry Källström wa Uswidi, na ikabidi kuangalia nani alikwenda mbali zaidi bila adhabu. Alikuwa Mehta. Baadaye alishinda tena mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, jumla mara 5, na kikombe chake cha kwanza alikichukua hata mwaka haujaisha tangu afukuzwe.

Kwa nini 240Z iliweza, na Stratos, yenye kasi kuliko yeye, ikashindwa? Injini ya 240Z iko mbele, piesi zake hazikuwa za ajabu, na Wajapani walirudi Safari mwaka baada ya mwaka wakisikiliza madereva wa hapa. Stratos ilikuwa kama mkimbiaji wa mita mia aliyepelekwa kubeba mzigo kutoka Kasindi hadi Beni. Kila kitu ndani yake kilipunguzwa uzito. Injini ya Ferrari inataka maji, na maji hayo yanasafiri kutoka radiateri ya mbele hadi nyuma. Tumbo liko karibu na ardhi. Kwenye barabara iliyochimbwa na malori, hizo zote ni nafasi za kupoteza dakika, na Safari ilihesabu dakika tu.

Hapo ndipo jibu la ubishi wa matajiri linapoanza kuonekana. Anayetaka kitu adimu cha kuangaliwa, achukue Stratos. Hazikufika 500, nyingine ziliharibika kwenye mbio, na kila moja iliyobaki ina historia inayojulikana. Lakini ajihadhari, maana Uingereza kuna mafundi wanaotengeneza Stratos za kuiga zinazomdanganya hata mtu mzoefu kwa mbali, na injini ya Ferrari ikifa, bei ya kuifufua inaweza kununua nyumba ya matofali hapa Butembo. Anayetaka gari la kuendesha achukue 911. Porsche ya milioni moja ya aina hiyo ilitoka kiwandani mwaka 2017, piesi zinapatikana, mafundi wapo, na bei zake zina ngazi nyingi: kuanzia za kawaida hadi Carrera RS ya mwaka 1973, ile ambayo watu wako tayari kugombana kwa ajili yake. Kwa wote wawili jambo la kwanza ni moja, nalo makanika wa hapa analijua bila kusomea: namba ya bodi na namba ya injini zilingane na karatasi. Gari lililobadilishwa injini linaweza kwenda vizuri, lakini kwa mkusanyaji limekwisha pungua thamani.

Kwa ubishi huo Porsche ndiyo yenye haki zaidi. Ilikuja Afrika mara nyingi, ikashindwa, ikarudi. Mwaka 1984 René Metge alishinda mbio za Paris hadi Dakar kwa 911 iliyofungwa magurudumu manne ya kusukuma. Lancia nayo ilikuja kushinda Safari baadaye, mwaka 1988, lakini kwa gari lingine, Delta.

Kichekesho kimoja hakiwezi kupitwa. Mwaka 2022 Porsche ilitangaza 911 Dakar, mpya, iliyoinuliwa juu kama zile za zamani, 2,500 tu kwa dunia nzima. Nyingi zinalala katika nyumba zenye sakafu inayong'aa kuliko sahani. Watu wanalipa pesa nyingi ili gari lionekane kama linalotoka kwenye matope, wakati shofere wa hapa angelipa chochote asiyaone tena.

Maana matope ya huku hayana kituo cha kuhesabu dakika. Kati ya Beni na Kasindi, ni kilomita 80 hivi tu, kumekuwa na miaka ambapo magari yalipaswa kungojana na kusafiri kwa msafara, yakisindikizwa na askari, kwa sababu ya mashambulizi. Gari likizimika kwenye njia hiyo jioni, dereva haangalii saa kwa ajili ya adhabu. Familia nyingi zilizoko leo Beni, Oicha na Butembo zilitoka vijijini juu ya lori, au watu wanne kwenye moto moja, godoro likiwa limefungwa nyuma, na wengi kwa miguu wakisukuma chukudu. Kwao gari zuri lina maana moja tu: lile lililowaka siku ile. Safari iliwapima matajiri kwa kitu kinachofanana kidogo na hicho, na kwa sababu hiyo magari yaliyoshinda yalikuwa yale ambayo makanika wa njiani angeweza kuyafungua na kuyafunga usiku kwa taa ya mkononi.

Waldegård mwenyewe aliendelea kuja. Alishinda Safari mwaka 1984, 1986 na 1990, mara zote tatu kwa Toyota Celica, na tangu siku hizo jina la Toyota halijahitaji kutangazwa sana katika sehemu hizi. Ila bado alikuwa na deni na Porsche. Kuanzia mwaka 2003, Kenya ina mbio nyingine kwa ajili ya magari ya zamani peke yake, East African Safari Classic, na huko wakusanyaji wenye ujasiri huyatoa magari yao kwenye sakafu inayong'aa na kuyarudisha kwenye udongo. Novemba 2011 Waldegård, ambaye umri wake ulikuwa umepita miaka 65, aliingia na 911, na safari hii aliyekaa pembeni yake alikuwa mtoto wake, Mathias. Wakashinda. Ilikuwa imepita miaka 37 tangu Joginder Singh amwache wa pili kwa Mitsubishi yake ndogo.